Msumeno wa Mzee Chavala

Nimestaafu. Sare nimerudisha, buti nimebaki nazo kwa sababu hakuna aliyezitaka. Siku ya kuniaga, vijana wa kituoni waliniambia, "Mama Resti, tuandikie mambo ya kazi." Nikadhani ni yale maneno ya kwenye sherehe, mtu akishashiba pilau. Kumbe wenzangu walikuwa wanamaanisha. Kila tukikutana sokoni Kilosa wananisumbua. Haya basi, naandika. Ila kama mnatafuta habari za vyeo na namna ya kupanda daraja, mmegonga mlango usio wenyewe. Mimi nataka kuwaeleza habari za bunduki moja na mtu aliyeibeba.

Niliingia kazini enzi za ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni na mafuta ya kula, mitumba ilikuwa imemwagika hadi Kimamba, na mashamba ya mkonge yalikuwa yamefungwa yakisubiri wanunuzi. Shamba likisubiri mnunuzi halifyekwi. Na mkonge usiofyekwa mnajua unakuwa nini: nyumba ya nguruwe pori. Mimi nimezaliwa Kimamba, baba yangu alikuwa kibarua wa gengi la reli, kwa hiyo mkonge niliujua tangu utotoni ukiwa umepangwa mistari kama wanafunzi wa paredi. Kuuona umemezwa na vichaka kuliniuma. Nguruwe hakukuwauma hata kidogo.

Sisi tulikuwa askari wa wanyamapori wa wilaya. Wapo wanaochanganya, kwa hiyo niseme mapema: mnyama akiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi ni wa hifadhi, watalii wanampiga picha. Akitoka akaingia kwenye mahindi ya watu, ni wetu, na matusi ni yetu.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Chavala ameketi kwenye benchi nje ya ghala la silaha, ametandika gunia magotini, anasafisha bunduki. Alikuwa Mhehe mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti tuliyeletewa?"

"Ndiye."

"Una khanga?"

Nikamwangalia. Nimetoka mafunzoni, nimefundishwa kulenga, kutambaa na kusoma ramani, mtu ananiuliza habari za khanga! Nikajibu kwa ukali kidogo kwamba ninazo, ziko nyumbani, na hapa nimekuja kazini.

"Kesho uje nayo kazini," akasema, akaendelea kusugua bunduki yake.

Kesho yake tulikwenda vijiji vya upande wa Mikumi, ambako nyani walikuwa wanachuma mahindi mchana kweupe. Nyani si mjinga. Akiona mwanamume wa sare anamwachia asogee kidogo, halafu anaondoka huku anambwekea. Akiona mwanamke na jembe, hajisumbui hata kugeuza shingo, maana uzoefu umemwambia mwanamke atapiga kelele tu. Mzee Chavala akanifunga khanga moja kiunoni juu ya sare na nyingine kichwani, akanipa jembe begani, bunduki nikaifumbata chini ya khanga. Nikaenda ninainama, ninapalilia hapa na pale, mpaka nikawa karibu na dume kubwa lililokaa kwenye tuta linakula hindi kwa utulivu wa mwenye shamba. Liliponiona ninainua bunduki, naapa, lilikuwa na sura ya mtu aliyetapeliwa.

Nililipiga. Kundi likakimbilia porini, na wenye shamba wakaja wakinishangilia. Mimi nilikwenda kando nikatapika. Kiganja cha nyani kikiwa kimelala wazi kinafanana sana na kiganja cha mtu, na hilo hakuna aliyenifundisha mafunzoni. Nilitegemea Mzee Chavala anicheke. Hakucheka. Alinipa maji ninawe, akasema, "Siku ukiacha kujisikia hivyo, niambie nikuombee uhamisho." Tangu hapo nilimpenda mzee yule kama baba.

Sasa bunduki yenyewe. Kituo chetu kilikuwa na mbili tu. Moja ilikuwa ya kawaida kama zile mlizozizoea, bolti yake unainyanyua, unaivuta, unaisukuma, unailaza. Ya pili iliachwa na meneja mmoja wa kigeni wa shamba la mkonge alipoondoka nchini, ikakabidhiwa serikalini, na hakuna aliyeitaka isipokuwa Mzee Chavala. Hiyo bolti yake haizungushwi. Unaivuta nyuma moja kwa moja, unairudisha mbele moja kwa moja, umekoki, basi. Nyuma, mbele, kama mtu anayepasua mbao. Ndiyo maana tuliiita Msumeno.

Kwa wanyama waharibifu ilikuwa bunduki tamu. Unapiga, unavuta, na jicho halijatoka kwenye shabaha, wala bega halijatikisika. Nguruwe wa pili kabla hajajua aende wapi, tayari umekwisha koki. Lakini ilikuwa na deko. Bunduki ya kuzungusha, ganda la risasi likinasa, ule mzungusho wenyewe unalilegeza. Msumeno haukuwa na huruma hiyo. Mchanga kidogo tu, ganda linanasa, unavuta mpaka jasho linakutoka. Kwa hiyo Mzee Chavala aliisafisha asubuhi na jioni kwa mafuta ya cherehani, na sehemu ya bolti aliivalisha kipande cha mpira wa baiskeli kuzuia vumbi. Tulimtania kwamba mkewe marehemu hakuwahi kuoshwa miguu namna ile.

Ilinichukua muda kugundua kwamba haikuwa mapenzi tu. Kila asubuhi, wakati wa kufungua kufuli la ghala, Mzee Chavala alikuwa ananipa ufunguo. "Fungua wewe, binti, macho yangu." Macho yake? Yale yaliyoona kwato kwenye nyasi kabla ya yangu! Siku moja nilimkuta peke yake anahangaika na ufunguo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana kifuani. Nikasimama. Naye akasimama. Halafu akaketi kwenye benchi akanieleza.

Ujanani alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Ilimnasa mkono. Vidole vilipona, lakini kifundo cha mkono kiliunga vibaya, kilikuwa hakigeuki. Aliweza kushika, aliweza kuvuta, aliweza kusukuma. Kuzungusha, hapana. Ufunguo, kifuniko cha chupa, bolti ya bunduki ya kawaida, vyote vilimshinda. Msumeno ndiyo bunduki pekee duniani aliyoiweza.

"Ukisema," akaniambia, "mimi sina kazi. Sina kazi, sina nyumba." Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya serikali na wajukuu wawili wa marehemu binti yake, mabinti, wote wanasoma hapo Kilosa. Shamba hakuwa nalo. Mkonge ndio huo umefungwa.

Sikusema. Aliyesema alikuwa Komba, mtunza ghala wetu, na hata yeye hakusema kwa ubaya. Komba alikuwa Mngoni, na mnajua Wangoni na Wahehe ni watani; utani wa kwanza wa Mngoni ni kwamba Mhehe anakula mbwa. Hawa wawili walikuwa wanatukanana kutwa kucha kwa upendo mkubwa. Siku hiyo amekuja afisa kutoka mkoani. Ilikuwa miaka ile ya kupunguza watumishi, kila ofisi inapitiwa, kila mtu anaulizwa anafanya nini. Afisa alikuwa mtu mwenye uso mwema, amechoka na safari. Tumekaa tunakunywa chai, akauliza kwa nini Mzee Chavala anatumia bunduki ya ajabu ajabu. Komba hakuweza kuiacha nafasi kama hiyo impite.

"Bwana afisa, huyo Mhehe mkono wake wa kulia aliuacha kwenye korona. Huo alionao ameuazima kwa mbwa aliyemla!"

Tulicheka wote. Afisa alicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Chavala mwenyewe alicheka, ilibidi, mtani hanuniwi. Halafu afisa akajifuta, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwenye korona?"

Komba akabaki mdomo wazi. Hakuwa anajua kama ni kweli kiasi kile. Yeye alijua kovu tu, hakujua kwamba mkono haugeuki.

Afisa akaomba Mzee Chavala apige shabaha kwa bunduki ya kawaida. Tukaenda nyuma ya ofisi, Komba akaweka makopo. Mzee alipiga la kwanza, likaruka. Halafu akashusha bunduki, akaipitisha juu mkono wa kushoto, akanyanyua bolti, akavuta, akasukuma, akailaza, akapandisha tena begani. Alipiga makopo yote, lakini kati ya kopo na kopo mtu angeweza kwenda kununua vitumbua akarudi. Nguruwe aliyejeruhiwa hakungojei namna hiyo, na kila aliyesimama pale alilijua hilo, afisa na mimi na Mzee Chavala.

"Kwa nini hukusema, Mzee wangu?" afisa akauliza.

"Ningesema, ungeniuliza swali hilo nikiwa wapi?"

Nadhani afisa angeweza kumfuta kazi palepale, karatasi zilimruhusu. Badala yake akaenda ghalani, akaangalia risasi za Msumeno zilizobaki. Zilikuwa za aina yake, haziingii kwenye bunduki nyingine yoyote tuliyokuwa nayo.

"Serikali haitanunua tena risasi hizi," akasema. "Ila zilizopo ni mali yake, haziwezi kutupwa. Mzee atazitumia. Zikiisha, bunduki itarudi ghala la mkoa, na yeye atapumzika." Akamshika bega akaondoka. Komba alilia jioni ile kama mtoto, na Mhehe wake ndiye aliyembembeleza.

Ndivyo Mzee Chavala alivyoanza kuishi kwa risasi. Kila nguruwe aliyempiga alimsogeza karibu na siku ya kutoka kwenye nyumba yake. Mimi nilichukua bunduki ya kawaida nikajitahidi kupiga mimi, yeye abaki kunielekeza. Alifundisha watu kufunga madebe kwenye kamba, kuziba mapengo ya uzio kwa miiba, kuchoma pilipili upande upepo unakotoka. Wapo waliosema mzee amekuwa mvivu. Niliwajibu vibaya, na sijutii.

Lakini kuna siku mtu anakuja analia kwamba shamba lake linakwisha, na mimi niko kijiji kingine. Mzee alikuwa hawezi kumwambia mtu, "Subiri, ninatunza kazi yangu." Alikwenda. Alipiga. Hivyo hivyo risasi zikapungua mpaka ikabaki moja. Akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, na kwa miezi mingi haikutoka humo.

Asubuhi moja msimu wa mahindi mabichi, mwenyekiti wa kijiji kule Rudewa akamtuma mtu kwa baiskeli. Shamba la Mama Hadija, mjane aliyelima kando ya mkonge uliotelekezwa, lilikuwa limeliwa lote. Na ndani yake walikutwa ng'ombe wa Mzee Saning'o, mfugaji wa Kimasai aliyehamia uwanda wa jirani. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa uwanja wa ofisi ya kijiji. Vijana wa wakulima wameshika mapanga. Vijana wa wafugaji wako ng'ambo ya barabara na sime zao. "Mje haraka," mjumbe akasema, "mwenyekiti anasema mjini wakichelewa watakuja kuzika."

Bunduki ya kawaida ilikuwa imekwenda Mikumi na askari mwenzetu kwa ajili ya tembo, haikutarajiwa mpaka kesho yake. Tukaenda na Msumeno.

Mama Hadija tulimkuta ameketi katikati ya shamba lake, miguu ameinyoosha, khanga imelowa matope, hasemi na mtu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeyeyusha nyayo zote za usiku. Zilizobaki juu ni kwato za ng'ombe. Mzee Chavala alizunguka shamba ameinama, akaokota mahindi yaliyotafunwa na maganda yake, akaonyesha pengo kwenye uzio upande wa mkonge. Akarudi ofisini kwa mwenyekiti akasema mbele ya watu wote, "Nguruwe wametangulia. Ng'ombe wamepita pengo lile lile baadaye, wakamalizia mabua."

"Umeshakunywa maziwa yao wewe!" kijana mmoja akapiga kelele. Wenzake wakaitikia. Ng'ambo ya barabara nikaona morani wanasimama, mmoja mmoja.

Nilimvuta Mzee kando. "Tungoje kesho, bunduki itarudi, nitampiga mimi."

"Hawa wataingoja kesho?"

Alifungua kifungo cha mfuko wake.

Akawaambia watu, "Nguruwe amelala kwenye mkonge sasa hivi, na tumbo lake limejaa. Nitampiga, mtampasua wenyewe. Mkikuta nyasi, mnifunge mimi pamoja na Saning'o." Halafu akaweka masharti. Mapanga na sime zote zibaki ofisini kwa mwenyekiti. Wasakaji wajipange bega kwa bega, mkulima mmoja, mfugaji mmoja, mkulima, mfugaji, kila mmoja na debe lake, ili asitokee wa kusema mambo yalipikwa. Hakuna aliyelipenda sharti hilo. Lakini Mzee Saning'o akawa wa kwanza kutoa sime yake, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti, na Mama Hadija akaja na matope yake akawaambia vijana wa kwao, "Wekeni! Mnataka nipoteze mahindi na watoto?" Wakaweka.

Mimi na Mzee tulikaa mwisho wa njia ya zamani ya tololi za kubebea mkonge, pale mkonge unapofunguka. Alikuwa ameifuta bolti kwa pindo la shati lake. Madebe yakaanza kulia mbali, yakasogea. Akatoka nguruwe jike na watoto nyuma yake, wakapita mbele yetu. Mzee hakuinua bunduki. Nikataka kumfinya. Madebe yakawa karibu kabisa, sasa nasikia na sauti za watu, na bado hakuna kitu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, ameacha bahati ipite.

Dume likatoka mbio, kubwa, manyoya wima mgongoni. Mzee akapiga. Likaanguka kwa magoti, likasukuma pua ardhini, likatulia. Na yeye, kwa mazoea, akavuta bolti nyuma, ganda likaruka kwenye majani, akairudisha mbele juu ya kitu kisichokuwepo.

Walimburuta mpaka uwanja wa ofisi, mkulima kashika mguu huu, mfugaji mguu ule. Mwenyekiti, Mwislamu safi na kanzu yake, aliongoza kikao akiwa ng'ambo ya uwanja, kofia ameibana puani, anauliza, "Mmepasua? Mmeona nini?" Kijana yule yule wa maziwa ndiye aliyepasua. Tumbo likafunguka, yakamwagika mahindi, meupe, mabichi, hayajasagika vizuri. Hapakuwa na jani.

Mama Hadija akaja akaangalia. "Ndiyo mahindi yangu," akasema, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mzee Saning'o akasimama pembeni yake. Akasema mabua yaliyomalizwa na ng'ombe wake ni deni lake, hakatai, na akamchagulia ng'ombe mmoja mwenye maziwa abaki kwa mama mpaka avune msimu mwingine. Silaha zikarudishwa jioni, watu wakiwa wamepoa na wengine wameona aibu. Zile sime na mapanga ziliondoka jinsi zilivyokuja, safi.

Afisa wa mkoani alikuja kuichukua bunduki. Alikuwa afisa yule yule. Aliuliza risasi ya mwisho ilitumika kwa kitu gani.

"Nguruwe," akasema Mzee Chavala.

Nikafungua mdomo. Mzee akanitazama, nikaufunga. Afisa akaandika, akaikunja karatasi, akasema wakae kwenye nyumba mpaka shule zifungwe, wasichana wasihangaike. Sheria haikumtaka aseme hivyo, na namshukuru mpaka leo.

Siku ya kuhama nilikwenda kuwasaidia. Walikuwa wamepata chumba kimoja cha kupanga mjini. Tulikuwa mimi na Mzee ndani, tunafungua kitanda.

"Kwa nini hukumwambia? Umezuia watu kuuana, unamwambia 'nguruwe' tu!"

"Ningemwambia, angefanya nini? Angenipa risasi? Hazipo. Ningemwongezea huzuni tu, naye ana nyingi, kila wiki anafunga nyumba za watu."

"Na siku ile kule Rudewa. Ulijua ni ya mwisho. Kama ungekosa?"

Akafikiri kidogo, ameshika ubao wa kitanda kwa mkono ule mbovu.

"Ningekosa, kazi ingekwisha na watu wangekufa," akasema. "Sasa imekwisha kazi tu, binti yangu. Shika godoro huko."

Nikashika upande wangu, naye akashika wake, tukatoka.